Mwaka wa Kufuata Gurudumu la Rukia

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa pili mwaka huu, baada ya swala ya adhuhuri, Rukia alizikwa Likoni. Alikuwa mgonjwa wa figo kwa muda mrefu. Mara ya mwisho tulipozungumza kwa simu aliniuliza bei ya mchicha, nikamtajia, akasema, "Ghali hiyo," tukacheka, tukaagana. Sikujua kwamba tumeagana kweli. Siku ya maziko wanaume walitoka na jeneza, sisi wanawake tukabaki ndani, tumekaa juu ya mikeka, tumebanana hadi ukutani. Mimi si mtu wa maneno mengi na sikulia. Nilikaa karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo mtu anaweza kutumwa maji bila kuulizwa yeye ni nani wa marehemu. Akinyi alifika kutoka Changamwe, amenenepa, leso kaifunga vibaya kichwani kama zamani, akajipenyeza kati yangu na Mejumaa, sote watatu tuliowahi kukaa kambi moja na marehemu. Kisha Akinyi akaninong'oneza, "Kadzo, unakumbuka ule unga?" Nikauma mdomo. Mejumaa alisikia, akajifunika uso kwa leso, mabega yake yakaanza kutikisika, na mama mmoja aliyekaa nyuma yake akampapasa mgongo akimwambia, "Subira, mwanangu, subira." Hapo ndipo tuliposhindwa kabisa, ikabidi sote watatu tutoke uani tukajifanye tunaosha vikombe.

Nuru, binti wa Rukia, alituona. Siku ya tatu aliniita pembeni akaniuliza, "Khalati Kadzo, mlikuwa mwacheka nini?" Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua, maana mama yake hakuwa mtu wa kujisimulia. Nilimwambia kusema sijui, lakini kuandika naweza kujaribu, ijapokuwa masomo yangu yaliishia darasa la nane. Ya kwetu nyumbani sitayaeleza, hayahusiki. Nitaandika mwaka mmoja tu, ule tuliokaa kambini Bofu, tulipokuwa timu ya wanawake ya mbio za baiskeli, na mama yako, Nuru, alikuwa nahodha wetu.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Kazi yangu ilikuwa kuchukua mchicha na sukuma wiki Kongowea alfajiri na kuzipeleka kwa wauzaji wa Mtopanga kwa baiskeli nyeusi ya chuma, ile nzito ya zamani, magunia mawili nyuma juu ya keria na moja mbele kwenye usukani. Asubuhi moja mama mmoja kwenye pikapu alinifuata kwa mwendo mrefu, akapunguza mwendo nilipozuiwa na mkokoteni mbele yangu, akatoa kichwa dirishani. "We msichana, hiyo baiskeli ni ya nani?" Nikamjibu ni yangu. "Na hiyo miguu?" Nikamwambia hiyo pia ni yangu. Akacheka mpaka akapigiwa honi na magari ya nyuma. Huyo ndiye Kocha Zuhura. Yeye mwenyewe alikuwa ameshindana ujanani, na klabu moja ndogo ilikuwa imempa nyumba na baiskeli kadhaa atengeneze timu. Mama yangu alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna wanaume kwenye nyumba hiyo, akaambiwa hakuna, akasema, "Mwaka mmoja." Na Kocha naye aliniambia vivyo hivyo njiani: "Mwaka ukiisha nitasema kama wewe ni wangu au ni wa Kongowea." Nilikubali bila kufikiri. Nilikuwa sijawahi kutafutwa na mtu kwa jambo lolote isipokuwa kubeba.

Nyumba ya Bofu ilikuwa na vyumba viwili na ua. Kimoja alilala Kocha, kingine tulilala sisi wanne na baiskeli zote, kwa sababu nje zingeibwa, na zisipoibwa zingeliwa na kutu ya hewa ya chumvi. Zilitundikwa ukutani kwa ndoano, juu ya magodoro, hata mtu akiamka ghafla aligonga pedali kwa kichwa. Chumba kilinuka mafuta ya mnyororo, mafuta ya nazi na soksi. Mpaka leo nikipita penye duka la fundi baiskeli nasikia njaa, kwa sababu harufu ile kwangu inakwenda pamoja na chakula kinachoiva upande wa pili wa ukuta. Akinyi, ambaye baba yake alifanya kazi bandarini, alikuwa amekulia Changamwe lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, na Rukia hakuacha kumsahihisha. "Manze, leo nimechoka," Akinyi angesema akijitupa kwenye godoro. "Manze ndiye nani?" Rukia angemuuliza. "Mwambie basi huyo Manze akufulie soksi." Mejumaa, aliyetoka upande wa Ng'ombeni, alikuwa akicheka tu. Alikuwa na meno mazuri sana.

Jioni ya kwanza Kocha alitufundisha mchezo wenyewe kwa mahamri. Aliyapanga manne kwenye sinia, moja nyuma ya jingine. "Mwaenda wanne, mstari mmoja. Wa mbele anakata upepo, akichoka anapisha, anakwenda nyuma, mwingine anashika. Anayefuata akae karibu na gurudumu la mwenzake, nafasi ya kiganja, hapo upepo haumfikii. Lakini sikilizeni hapa. Saa haisimami wa kwanza akivuka. Yasimama akivuka huyu." Akagusa hamri la tatu. "Mmoja mwaweza kumwacha njiani. Wawili, hapana. Timu ina mbio za mtu wake wa tatu." Akinyi akauliza kama huyo wa nne ana kazi yoyote zaidi. Kocha akamwambia akishamaliza kukata upepo hana. "Basi," akasema Akinyi, akalichukua hamri la nne akalila.

Nilidhani itakuwa rahisi. Nguvu nilikuwa nazo. Tukipanda kilima mmoja mmoja niliwaacha wote na Kocha alikuwa akipiga makofi ndani ya pikapu. Taabu ilikuwa mstarini. Nikipewa ile baiskeli nyembamba ya mashindano, nikiwekwa nyuma ya mtu, nilikuwa nayumba kama mlevi. Nilijaribu kushika usukani kwa nguvu, nikayumba zaidi. Nililegeza, nikayumba vilevile. Mwezi wa kwanza haujaisha, tukiwa karibu na Ng'ombeni, gurudumu langu la mbele liligusa la nyuma la Rukia. Yeye hakuanguka. Mimi nilianguka, Mejumaa aliyekuwa nyuma yangu akaniangukia, Akinyi akaingia kwenye majani. Mejumaa alipoinuka alikuwa na damu mdomoni na nusu ya jino la mbele mkononi. Nililia barabarani mbele ya watu. Yeye akalitazama lile jino, akasema, "Sasa nitaweza kupiga mluzi." Na kweli aliweza, baada ya hapo tulimsikia akipiga mluzi kila asubuhi.

Siku chache baadaye nilikuwa nyuma ya jiko, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, dirisha la jikoni liko wazi juu ya kichwa changu. Kocha na Rukia walikuwa wakichagua mbaazi ndani. Kocha akasema, "Huyu msichana ana nguvu kuliko nyote. Lakini yuwayumba, Rukia. Leo jino, kesho mguu. Nami kuna msichana wa Kisauni anangoja godoro." Nilisikia mbaazi zikidondoka kwenye sufuria. "Nipe mpaka Ramadhani iishe," Rukia akasema. "Utamfanya nini?" "Sijui bado. Lakini mtu hawezi kubeba magunia miaka yote hiyo katikati ya malori ya Kongowea ikawa hajui kwenda sawa. Pana kitu." Mimi niliendelea kukuna. Nilikuna mpaka nikafika kwenye kifuu bila kujua, na mchana huo tui lilitoka limeingia weusi, Kocha akauliza nani amekuna nazi hii, nikasema ni mimi, akanitazama, akatazama dirisha, akaendelea kula.

Nimefikiri sana juu ya lile neno, "pana kitu." Watu wengi wamenihurumia maishani, na nashukuru, lakini huruma haikai muda mrefu. Rukia hakunihurumia. Alitaka kujua kwa nini nayumba, basi, kama fundi anayesikia sauti kwenye mnyororo. Siku iliyofuata nilitumwa sokoni kwa baiskeli nyeusi iliyokuwa pale nyumbani, nikaleta gunia la makaa nyuma na mchicha mbele. Sikujua kwamba Rukia alinifuata kwa nyuma toka sokoni. Nilipoingia uani aliingia nami mbio, anaita, "Kocha! Kocha, njoo uone! Kadzo, usiteremke!" Akanirudisha barabarani, akaniambia nipite juu ya ule mstari mweupe wa pembeni mwa lami. Nikapita, makaa nyuma, mchicha mbele. Sikutoka nje ya mstari hata kidogo. Kisha akashusha mzigo wote, akaniambia nirudie. Nikayumba. Kocha alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Rukia akaja akanishika mabega. "Waona? Kila ukikanyaga pedali wavuta bega upande wa pili, kushikilia gunia. Gunia halipo. Mwili wako bado umebeba mchicha, Kadzo."

Dawa aliyoitunga yeye ndiyo iliyotuchekesha matangani. Alichukua unga wa mahindi wa kambi, akaujaza kwenye mfuko wa turubai, akaufunga nyuma ya kiti cha baiskeli yangu ya mashindano kwa mipira ya tyubu kuukuu. Kocha alishika kichwa. "Baiskeli ya mashindano na unga wa ugali! Watu watanicheka hadi Ukunda." Rukia akasema, "Na wacheke. Kila jioni nitachota kikombe tupike. Mwili wake utaachishwa mzigo polepole, kama mtoto anavyoachishwa ziwa." Ikawa hivyo. Asubuhi nilikwenda na unga, jioni tuliula. Watu wa bodaboda walitujua. "Dada, unga kilo ngapi?" wangeita. "Kwenu umeisha?" Akinyi angewajibu bila kupunguza mwendo. "Mwambie mkeo aje kambini na sufuria!" Siku moja mvua ilitukuta Tiwi, unga ukarowa, tukafika nyumbani mfuko umevimba na maji meupe yananitiririka miguuni. Akinyi alitia kidole ndani, akakilamba. "Leo ugali umejisonga wenyewe," akasema. Unga ule wote ulikuwa na ladha ya mpira na jua. Nimebeba vitu vingi, Nuru, lakini ule ndio mzigo pekee niliouona ukiisha kwa kuliwa na rafiki zangu.

Mfuko ulipoanza kuwa mwepesi ndipo mama yako alipoanza kunifundisha kufuata. Nilikuwa nikitazama gurudumu lake kwa hofu. "Usilitazame gurudumu," aliniambia. "Ukilitazama utaliendea. Nitazame mgongo. Mgongo haudanganyi. Nikitaka kupunguza utauona kabla mimi mwenyewe sijajua." Basi nikajifunza mgongo wa Rukia. Alivaa suruali ndefu, shati la mikono mirefu na mtandio uliobanwa chini ya kofia ngumu, na nilijua mikunjo ya shati lile kama ninavyojua njia ya kwetu. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia tulihamisha mazoezi hadi alasiri, ili turudi karibu na magharibi. Yeye na Mejumaa walifunga na walikwenda vilevile, polepole kidogo. Mimi na Akinyi tulikuwa tukijificha nyuma ya pikapu kunywa maji, mpaka Rukia akatuita, "Tokeni huko, kunyweni hapa. Wallahi sitakufa kwa kuona maji." Na adhana ikilia, uani, palikuwa na tende, uji wa pilipili manga, viazi vya nazi na mihogo, na aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono siku zote ni Akinyi, ambaye hakufunga hata siku moja. "Hii swaumu naipenda," alisema. "Hujaigusa bado," Mejumaa akamjibu, anapuliza uji kupitia pengo la jino.

Kabla ya Idi kikombe cha mwisho kikachotwa. Kocha alitutoa jioni, mfuko mtupu unapepea nyuma yangu, akaniweka kwenye gurudumu la Rukia kutoka njia panda hadi msikitini, naye akafuata na pikapu. Sikumbuki barabara. Nakumbuka mgongo. Tuliposimama Kocha alishuka, akaufungua ule mfuko mwenyewe, akaukunja. "Mashindano utakwenda," akasema. "Lakini kukaa kwako hapa nitasema baada ya mashindano. Kuyumba huja na hofu, na hofu bado hatujaiona." Rukia alitaka kunitetea. Nikamgusa mkono. Kocha alikuwa na haki.

Mashindano yalikuwa mwisho wa mwaka, kutoka Ukunda kuja Likoni, timu baada ya timu. Upepo wa kaskazi ulikuwa umeanza, na katika njia ile hukupiga usoni. Tulianza vizuri, kila mtu anashika zamu yake mbele na kupisha. Njiani watu walikuwa wametoka madukani, watoto wamepanda ukutani, mama mmoja alituombea dua kwa sauti kubwa huku amebeba kuku. Tulipofika kwenye ule mpando mrefu kabla ya Waa, Rukia alishika mbele. Zamu yake iliisha, hakupisha. Tukapita nguzo nyingine ya umeme, na nyingine. Nilikuwa wa nne, lakini kupita mabega ya wenzangu niliuona mgongo wake unapanda na kushuka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, nikajua kabla hajaonyesha. Alitufikisha juu kabisa. Kisha akajisogeza pembeni, akatikisa mkono kuelekea mbele, akaniambia neno moja nilipompita, "Nenda." Sikuwahi kumuuliza kama alikuwa amekwisha kweli, au alikuwa amepanga tangu asubuhi kujimalizia pale. Miaka yote hii, mazungumzo yote ya simu, bei za mchicha na homa za watoto, sikumuuliza. Nilidhani najua. Sasa sijui, na wa kuniambia hayupo.

Akinyi alikuwa mbele, Mejumaa wa pili, mimi wa tatu. Nilifahamu wakati uleule kwamba saa ilikuwa yangu. Hofu aliyoisema Kocha ikaja, nikasikia bega langu la kulia linataka kuvuta. Nikamtazama Mejumaa mgongoni. Haukuwa mgongo nilioujua, ulikuwa mpana zaidi na shati lilikuwa limechanika kidogo kwenye mshono. Nikautazama ule mshono. Mejumaa alikuwa anapiga mluzi, wallahi, upepo ukipita kwenye pengo lake, na mimi nikapumua kwa kuufuata ule mluzi, na bega likatulia. Tukashuka Ng'ombeni. Akinyi akapisha, Mejumaa akashika, kisha mimi, kisha Akinyi tena. Mwishoni tulivuka mstari tumeshikana hivyo, mimi wa tatu, nafasi ya kiganja nyuma ya Mejumaa. Tulikuwa timu ya pili. Wa kwanza walikuwa askari, wanawake wenye baiskeli nzuri kuliko zetu, na walistahili.

Tulipumua, tukatazama nyuma, barabara ilikuwa tupu. "Nahodha yuko wapi?" Akinyi akauliza. Tuligeuza baiskeli tukarudi tulikotoka. Msimamizi mmoja alipiga filimbi akikimbia na bendera yake, "Nyinyi! Mwaenda wapi? Mmeshamaliza!" Akinyi akamwambia, "Tumesahau mtu!" Tulimkuta si mbali sana na Ng'ombeni. Alikuwa ameketi kwenye kivuli cha duka lililofungwa, viatu kavivua, kando ya muuza madafu aliyekuwa akimhadithia habari za mguu wake mwenyewe uliowahi kuvunjika. Baiskeli aliiegemeza kwenye mkokoteni wa madafu. Alituona, hakusimama. "Mmekuwa wa ngapi?" "Wa pili." Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akafuta jasho kwa ncha ya mtandio. "Na wa tatu mstarini alikuwa nani?" "Mimi," nikasema. "Uliyumba?" "Sikuyumba." Akamgeukia muuza madafu. "Mkatie huyu kwanza."

Tulikuwa tumeketi wote wanne chini, kila mmoja na dafu lake, Mejumaa anasimulia mluzi, pikapu ilipokuja kwa kasi ikasimama nusu barabarani. Kocha Zuhura alishuka bila kufunga mlango. "Mgeni wa heshima amesimama juani na nishani mkononi, nyinyi mwanywa madafu!" Vinywa vyetu vilikuwa vimejaa. Akatupitia mmoja mmoja kwa macho mpaka akanifikia. "Kadzo." "Abee." "Nilikuwa nimesimama pale mstarini. Nilikuona." Nikaweka dafu chini. "Jumatatu alfajiri ni vilima. Yule wa Kisauni naye yuaja, tutakuwa watano, mpishe godoro la karibu na mlango. Na mamako nitakwenda kuzungumza naye mimi mwenyewe." Nikasema ahsante. Kocha akatazama barabara ya kwenda Likoni, akatazama jua, akatazama viatu vya Rukia. Akavuta kreti tupu la soda lililokuwa pale mlangoni mwa duka, akaketi.

"Nami nikatie moja," akamwambia muuza madafu. "Lenye nyama laini."